Kifurushi Juu ya Kiti cha Kinyozi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa langoni mwa shule, kofia mkononi, mlinzi akiniambia kwamba binti yangu hajaingia darasani karibu mwezi mzima. Wasomaji wawili watatu wamenisimamisha barabarani kuniuliza kama nilizimia. Sikuzimia. Nilimwambia mlinzi asante, kisha nikamuuliza choo kiko wapi.

Kwa aliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, pengine kwa sababu amefungiwa kipande cha sabuni ndani yake, nieleze kwa ufupi. Mimi ni kinyozi. Mke wangu alifariki msimu wa mvua uliopita. Haukupita muda, mwenzangu wa kazi akaondoka na mashine yetu nzuri ya kunyolea pamoja na nusu ya wateja, akafungua duka ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi ananipungia mkono kama ndugu. Kisha paa langu likaanza kuvuja, tena juu ya kiti cha wateja, si mahali pengine.

Nina mtoto mmoja, binti, yuko kidato cha nne. Tangu msiba anavaa kitambaa kichwani na haniambii kitu zaidi ya shikamoo ya asubuhi na lala salama ya jioni. Dada yangu alisema mtoto wa kike akinyamaza namna ile, basi ana mimba. Ndiyo maana nilikwenda shuleni.

Watu wanadhani kila mfiwa hulia. Mimi sijalia. Asubuhi ya mazishi nilinyoa wateja wawili waliokuwa wamekuja kunipa pole, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Watu walinisifu kwa uvumilivu. Haukuwa uvumilivu. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, kisha daktari wa meno akatoka na kusahau kurudi. Mpaka juzi ganzi ilikuwa bado ipo.

Sasa tuendelee.

Mlinzi hakunionyesha choo. Alinishika kiwiko akanipeleka mwisho wa jengo, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mipira. Nyavu bado zimening'inia ukutani na harufu ya ngozi haijatoka. Ndani alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, aliyekuwa mwalimu wa jiografia kabla ya kupewa kazi ya ushauri. Wanafunzi wanamwita Bi Sikio, naye anaitika.

Aliniambia nikae. Nilikaa juu ya kiti kifupi cha wanafunzi, magoti yakanifika kifuani.

"Baba, binti yako hajapotea," akasema. "Yuko hapa kila siku. Anakaa pale kwenye nyavu, anasoma. Wenzake wanamletea mazoezi. Sasa hivi nimemtuma maktaba ili mimi na wewe tuongee."

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyenijulisha. Alisema walinipigia simu mara nyingi. Ni kweli, simu yangu ilikuwa ikilia na mimi nilikuwa nikiitazama inavyolia. Akaniuliza kama sijaona namba kubwa iliyoandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa nje, namba ya wazazi, ambayo mzazi yeyote mwenye shida na mtoto anaweza kupiga bila kulipia.

"Nilidhani ni ya mchimba visima," nikasema.

Alicheka. Mimi sikuwa nimetania.

Basi akanieleza. Mwalimu wa nidhamu alimwambia binti yangu avue kitambaa. Binti akakataa. Mwalimu akaamuru asiingie darasani mpaka kichwa chake kiwe kama vya wenzake, ama amesukwa upya ama amenyolewa. Binti akakusanya madaftari yake, akahamia kwenye stoo ya mipira. Mimba haikuwepo. Bi Sikio alilisema hilo kabla sijauliza, nadhani amezoea kuulizwa.

"Tatizo ni Jumatatu," akasema. "Jumatatu majina ya watahiniwa yanapelekwa. Mwalimu wa nidhamu amesema asiyekuwa darasani asubuhi ile, jina lake halitakwenda. Atakuwa amepoteza mwaka."

"Kwani hataki nini hasa?"

"Hataki kichwa chake kiguswe. Sababu hajaniambia mimi. Amemwambia mama yake wa kuazima."

Nikarudia maneno yale, mama wa kuazima, maana mimi najua watu wanavyoazima ngazi na jembe. Bi Sikio akaeleza kwamba ni mpango wa shule. Mtoto aliyeshindwa kusema na mzazi wake hupewa mzazi wa mwanafunzi mwingine, mtu mzima aliyefundishwa kusikiliza, na wanakaa pamoja mara moja kwa wiki. Sharti ni moja. Neno la mtoto halitoki kwa yule mzazi mpaka mtoto mwenyewe aseme litoke. Wa binti yangu ni fundi wa bomba, mwanamke, ana kijana wake kidato cha pili. Kila mtu anamwita Fundi Bomba.

Nilijua kwamba hapo ilinipasa kuona wivu. Nikautafuta, sikuupata.

"Mimi ni kinyozi, mwalimu wangu," nikasema. "Hili jambo dogo. Leo jioni nampitisha mashine, kesho anaingia darasani."

Bi Sikio alivua miwani.

"Baba, nakuomba. Usimguse kichwa kabla hajakuomba mwenyewe."

Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila mtu, hata kwa mwenzangu wa zamani anaponipungia mkono.

Kabla sijaondoka alinialika kwenye mzunguko wa wazazi, kesho yake mchana, mle mle ndani. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na mteja.

Tulikuwa wazazi saba au wanane, tumekaa kwenye duara la viti vifupi, magoti juu, kama panzi. Kila mmoja alitakiwa kusema jambo moja alilomwona mwanawe akifanya wiki ile. Si kosa, si alama za mtihani. Jambo tu. Baba mmoja dereva alisema mwanawe amecheka usingizini. Mama mmoja alisema wake amepika, ameunguza, kisha amekula yote kwa ukaidi. Watu wakacheka kwa upole. Zamu ikanifikia.

Sikuwa na kitu. Nilitafuta wiki nzima kichwani, sikumwona binti yangu humo. Niliona mlango wa chumba chake, viatu vyake, mkanda wa begi lake. Yeye mwenyewe sikumwona.

Nikasema sina la wiki hii, nina la zamani. Wakasema hata la zamani ni sawa.

Basi nikawaambia kwamba alipokuwa mdogo, shule ya msingi, alikuwa akija dukani kwangu baada ya masomo. Kazi yake ilikuwa moja, kufunga nywele. Nywele za dukani hazitupwi ovyo. Upepo ukizibeba zinaishia kwenye vyungu vya majirani, na ugomvi wa nywele ndani ya mchuzi hauna msuluhishi. Kwa hiyo tunazifagia, tunaziweka ndani ya gazeti kuukuu, tunakunja pembe zote nne kuelekea ndani, ndipo kifurushi kinaingia kwenye gunia. Binti yangu alizikunja vizuri kuliko mimi. Alikuwa akipanga vifurushi juu ya kiti kama mtu anayeuza mikate.

Nilisema yote hayo nikitazama dirisha. Nyuma ya kioo kulikuwa na giza la ukuta wa pili, kwa hiyo kilitoa picha, na ndani ya picha niliwaona wazazi wenzangu wananisikiliza.

Mwanamke mmoja mwenye suruali ya kazi na begi la vyuma miguuni alinitazama sana. Alikuwa hajasema kitu mpaka hapo.

"Kinyozi," akaniita. "Mbona unaongea na dirisha?"

Nilimweleza ukweli. Miaka yangu yote nimesema na watu nikiwa nyuma yao. Tunatazamana kwenye kioo. Hapo naweza kusema na waziri na mwizi, na wote wawili wameshaniambia mambo. Ukinikalisha uso kwa uso na mtu, ulimi unalala. Mke wangu alilijua hilo. Alikuwa ndiye anayesema nyumbani, kwa niaba yetu sote.

Fundi Bomba, maana ndiye, alikuna kidevu.

"Sasa, kaka yangu, kioo unacho na kiti unacho. Mtoto unaye. Unangoja nini?"

Wenzetu walicheka. Nadhani na mimi nilicheka, au nilifanya mdomo kama wa mtu anayecheka.

Jioni ile binti yangu alikuwa mezani na rula na kitabu, kitambaa kichwani. Mimi nilisimama kwenye mlango wa jiko nikasema na birika.

"Kesho ukitoka shule, pitia dukani."

"Kunyolewa?" akauliza.

"Hapana. Kukaa tu."

Maji yakaanza kulia ndani ya birika.

"Kwenye kiti?"

"Kwenye kiti."

Aliweka rula ndani ya kitabu, akakifunga. "Nitakuja, Baba."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko tuliyosema mwezi mzima. Mtu mwenye moyo wake angeruka. Mimi nilimimina chai, nikaisahau, ikapoa.

Ijumaa niliamka mapema, nikafuta kioo cha duka kwa karatasi na siki. Nikahamisha kiti kidogo kisikae chini ya paa linalovuja. Nilinyoa wateja wachache asubuhi. Nilifagia, sikumbuki vizuri, lakini mikono yangu hufagia bila kuniuliza.

Baada ya chakula cha mchana simu ililia, na safari hii niliipokea. Alikuwa mwalimu wa nidhamu. Alitaka nifike ofisini kwake mara moja.

Nilifunga duka. Ufunguo nikautundika kwenye msumari nyuma ya ubao wa dirisha, mahali panapojulikana na watu wa nyumbani kwangu tu. Zamani tulikuwa watatu, sasa tumebaki wawili. Nilijiambia nitarudi kabla hajatoka shule.

Mwalimu wa nidhamu alinikalisha kwenye benchi la nje muda mrefu, kama mwanafunzi aliyekamatwa na sigara. Namjua yule bwana. Ni mteja wangu, ana kovu nyuma ya kichwa ambalo hapendi lionekane, nami humwachia nywele mahali pale. Aliponiita ndani hakunikumbusha hilo wala mimi sikumkumbusha.

"Unajua watu wanasemaje?" akaniuliza. "Wanasema kinyozi ana mtoto mwenye kichwa kilichoshinda shule nzima."

"Kinyozi hajinyoi, Mwalimu."

"Jumatatu," akasema. "Kichwa kikiwa sawa, anaingia na jina linakwenda. Kisipokuwa sawa, mimi na wewe tumeshaongea."

Ni hayo tu aliyoniitia. Angeweza kuyasema kwenye simu.

Niliporudi dukani mlango ulikuwa umerudishwa lakini haujafungwa. Nikadhani nimesahau kufunga. Tangu msiba nasahau kufunga milango, nasahau chumvi, siku moja nilisahau mteja ana povu usoni nikaenda kununua wembe, nikamkuta amelala. Kwa hiyo sikushtuka.

Juu ya kiti kulikuwa na kifurushi cha gazeti.

Nikadhani ni cha asubuhi. Nikadhani nilifagia, nikafunga, nikakiacha pale badala ya kukitia kwenye gunia. Nilikiinua. Kilikuwa kizito kidogo kuliko kawaida. Pembe zote nne zilikuwa zimekunjwa kuelekea ndani, safi kabisa, na nakumbuka nilijisifu kwamba angalau mikono yangu bado inafanya kazi yake vizuri.

Nje trekta la taka lilipiga honi. Ijumaa hupita mtaa wetu alasiri, na lisipokukuta linakuacha na uchafu wako mpaka Ijumaa nyingine. Nikatia kifurushi kwenye gunia, nikafunga mdomo wa gunia kwa kamba, nikalibeba begani, nikalirusha juu ya tela. Yule bwana wa trekta akaninyooshea dole gumba. Likaenda zake, na mimi nikarudi ndani kumngoja binti yangu.

Aliyekuja ni Fundi Bomba.

Aliingia na begi lake la vyuma, suruali imelowa magotini. Hakukaa. Alitazama kioo, akatazama kiti, akanitazama mimi kupitia kioo, nikajua amekuja kusema jambo kubwa na amenichagulia mahali pa kulisikia.

"Yuko kwangu anaosha kichwa," akasema. "Ameniomba nitangulie. Ameniruhusu nikwambie yote, maana anasema akianza yeye atalia, na hataki kulia kabla hajakaa kwenye kiti chako."

Nikasema sawa.

"Kaka, unakumbuka Jumapili ya mwisho ya marehemu?"

Nilikumbuka. Mke wangu alikuwa amelala ubavu, hawezi kukaa. Binti alikuwa ameketi sakafuni, ameegemeza kichwa kwenye godoro, mama yake anamsuka kwa uzi mweusi. Mimi nilikuwa chumba cha pili nanoa mkasi. Niliwasikia wakicheka, nikafurahi kwamba wanacheka, nikaendelea kunoa.

"Alimsuka mpaka mkono ukachoka," Fundi Bomba akasema. "Msuko wa mwisho, wa nyuma ya sikio, aliuacha katikati. Akamwambia, huu nitaumalizia kesho."

Kesho yake ndiyo siku ile.

"Kwa hiyo hakutaka zifumuliwe," nikasema.

"Zilikuwa mikono ya mama yake. Angewaambia nini wale, kwamba hataki kuchana nywele kwa sababu hiyo? Wangemcheka. Na wewe aliogopa kukwambia."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ndiye kinyozi. Alisema, Baba ataona ni nywele."

Nilisimama nikiwa nimeshika kitana. Miezi yote ile nilikuwa nikikaa meza moja na kile kitambaa. Kazi yangu ni vichwa. Namjua mteja kwa kisogo kabla sijaona uso. Na hata mara moja sikuuliza chini ya kitambaa kuna nini.

"Lakini sikiliza," Fundi Bomba akaendelea, na sauti yake ikachangamka. "Ulipomwambia aje kukaa tu, amelala nalo usiku kucha. Leo mchana ameomba ruhusa kwa Bi Sikio, akaja hapa mapema. Hakukukuta. Akajifungulia, akakaa mbele ya kioo chako, akazikata mwenyewe moja moja kwa mkasi wako. Ameniambia hakulia. Alisema anataka kuingia darasani Jumatatu, na zile atazihifadhi, na wewe ndiye wa kumtunzia, maana sasa hakuna mwingine. Umezionaje? Zote bado zina vifundo vya mama yake."

Nilirudisha kitana mezani.

"Amesema amekuachia kwenye kiti," akasema. "Amezifunga kwenye gazeti kama ulivyomfundisha."

Nilitazama kiti. Yeye naye akakitazama. Kisha akatazama pembeni, pale gunia linapokaa siku zote, akaona sakafu tupu na kipande cha kamba.

Nawaambia ukweli, sikutegemea kwamba itaanzia tumboni. Nilidhani siku ganzi ikinitoka itaanzia machoni, kama kwa watu wengine. Ilianzia tumboni, ikapanda, na nilitaka kukaa chini na sikuthubutu kukaa kwenye kile kiti.

"Trekta limeelekea wapi?" Fundi Bomba akauliza polepole.

Nilinyoosha mkono kuelekea barabara ya jalala. Hapo hapo tukasikia viatu vya shule nje.

Binti yangu aliingia. Hakuwa na kitambaa. Kichwa chake kilikuwa kimebaki na nywele fupi, huku ndefu kidogo, huku karibu na ngozi, bado zina maji. Shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyokumbuka. Alifanana na mama yake kiasi kwamba nilitazama kando.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Alimgeukia Fundi Bomba. "Mama, umeshamwambia?"

"Nimemwambia, mwanangu." Fundi Bomba alikuwa tayari amefika mlangoni. Begi lake la vyuma alikuwa ameliacha sakafuni, na fundi haachi begi. "Nimekumbuka kuna bomba mahali sikulifunga. Nakuja sasa hivi."

Akatoka. Kupitia uwazi wa mlango nilimwona amevua ndala, amezishika mkononi, anakimbia.

Binti yangu alikaa kwenye kiti. Alikaa kama wanavyokaa wateja wanaotuamini, mgongo wote, kichwa kimeegemea. Nilimfunga kitambaa cheupe shingoni. Tukatazamana kwenye kioo, na ilikuwa kama alivyosema Fundi Bomba, maneno yakaja yenyewe. Ila yalikuwa yake, si yangu.

Aliniambia nimsawazishie nyuma, hakufika vizuri. Aliniambia mkasi wangu mkubwa unauma kidole gumba. Aliniambia Bi Sikio atamsindikiza Jumatatu mpaka mlango wa darasa, na kwamba amekosa sura mbili tu za kemia, na yule kijana wa Fundi Bomba ni mcheshi lakini hajui hesabu hata ya vidole. Aliniambia kwamba usiku anaisikia redio yangu chumbani, inaongea mpaka asubuhi, na anajua silali.

Nilikuwa nimengoja sauti ile tangu msimu wa mvua. Sasa ilikuwa imekuja yote kwa pamoja, nami nilikuwa nikihesabu kona za barabara kichwani, trekta limefika wapi, limesimama kwa nani, linamwaga saa ngapi.

"Umeziona?" akauliza.

"Nini?"

"Baba. Nywele. Nilikuachia hapa kwenye kiti."

Ningeweza kusema ukweli. Kioo kilikuwepo, kiti kilikuwepo, na nilikuwa nyuma yake, mahali pekee duniani ninapoweza kusema kitu. Lakini alikuwa ameinua macho kunitazama, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama alivyokuwa akinitazama zamani baada ya kupanga vifurushi vyake.

"Nimeziona," nikasema. "Nimezihifadhi."

Alivuta pumzi, akaitoa. Mabega yake yakashuka.

"Niliogopa ungezitupa," akasema, akacheka kidogo. "Nilijiambia, Baba akiona gazeti atadhani ni za kazi. Kisha nikajiambia hapana, atafungua."

Nilichukua mashine. Nikaiwasha ili kelele yake ijaze duka, nikaielekeza nyuma ya sikio lake la kushoto, pale msuko ambao haukumalizika ulipokuwa.

"Subiri kwanza," akasema. "Nipe ule mmoja, ule nusu. Nataka kuushika wakati unaninyoa."

Sikusogea. Mashine iliendelea kulia mkononi mwangu. Nilitazama mlango, barabara ilikuwa tupu, Fundi Bomba haonekani.

Kwenye kioo niliona macho ya binti yangu yameshuka kutoka usoni pangu, polepole, mpaka kwenye mkono.

"Baba," akasema. "Mkono wako unatetemeka."